Shizuku na Wimbo wa Kutafsiri

Whisper of the Heart (1995), filamu ya katuni ya Studio Ghibli, ndiyo filamu ndefu pekee aliyoiongoza Yoshifumi Kondō kabla ya kufariki mwaka 1998. Wengi huisifu kwa mapenzi ya wanafunzi wawili, Shizuku na Seiji. Sisi wa somo la tafsiri tunavutwa na jambo jingine. Shizuku anatafsiri kwa Kijapani wimbo "Take Me Home, Country Roads" ili wenzake wauimbe. Maneno anayamudu, kinachomshinda ni kijiji. Amekulia kwenye majengo ya ghorofa ya Tama, Tokyo, basi anatunga toleo la mzaha juu ya barabara ya zege. Kwa maoni yangu mzaha huo unazidi tafsiri yake ya makini, kwani ndani yake mna kwao. Baadaye anaandika hadithi, alama za darasani zinashuka, na msomaji wake wa kwanza, mzee Nishi, hamfichi kuwa kazi bado ni ghafi. Hapo filamu imekomaa kweli. Kasoro iko mwishoni: Seiji kumposa Shizuku alfajiri ile kilimani, nao ni watoto wa shule, ni haraka mno.