Fundi wa Mitaro

Mvua ya Kakamega ina ratiba yake. Asubuhi jua kali, baada ya chakula cha mchana wingu linajikusanya upande wa Nandi, na ikifika saa kumi mabati yananguruma hata walioketi meza moja hawasikilizani. Kule kwenye msitu wa Kakamega mvua hiyo hufika karibu milimita 2,000 kwa mwaka, na maji yote hayo lazima yapite mahali. Wazee wetu walipajua. Sisi tunakisia.

Kuna mzee kule Shinyalu ambaye ukimwita akuchimbie mtaro, siku ya kwanza haji na jembe. Huja mvua ikinyesha, gunia kichwani, mfukoni magunzi ya mahindi. Hutupa gunzi moja kwenye maji ya mlangoni pa jikoni, jingine nyuma ya choo, jingine penye pembe ya nyumba, kisha huyafuata kwa macho. Likizunguka mahali pamoja, anatikisa kichwa. Likienda mbio, anatikisa vilevile, kwa kuwa maji yenye haraka hula udongo. Anachotafuta ni njia ambayo gunzi litakwenda mwendo wa mtu anayetoka kanisani.

Jua likirudi ndipo vifaa hutoka: jembe, sururu, kamba, vigingi, na mpira mwembamba unaoonyesha ndani, uliojazwa maji. Kijana hushika ncha moja, yeye nyingine. Maji yakitulia, wameupata usawa, na kutoka hapo kila mita hushushwa kwa sentimita moja au zaidi kidogo. Mtaro wa kwanza hukaa upande wa juu wa nyumba, udongo wake ukitupwa upande wa chini uwe tuta la kukinga ukuta. Kingo huzilaza, akazipanda nyasi.

Lakini ninachokipenda zaidi hutangulia jembe. Mzee hushuka kwanza kwa jirani wa chini. Nilimsikia akisema, “Mama, maji ya hapo juu nataka niyapitishe hapa kando, yaishie kwenye migomba yako. Hayatakusumbua?” Mama akaacha kuchambua mboga, akatoka kuangalia. “Hapo hapana, mzee. Mwaka juzi mahindi yangu yalilala yote. Yalete huku, migomba ya huku ina kiu.” Mtaro ukapinda. Mwenye boma alinung’unika kuhusu gharama ya ile kona, ila alilipa.

Vitabu vikiitaja Kakamega hukimbilia dhahabu iliyogunduliwa 1931 na mashimo ya mgodi wa Rosterman. Waliochimba mitaro ya majumbani hawatajwi, ingawa ni wao waliofanya nyumba za udongo zidumu miaka na miaka kwenye miteremko hii.

Siku hizi tunaagiza lori la kabro, yale matofali ya zege ya kutandaza uani. Uwanja mzima unafunikwa, unapendeza kwenye picha, na tone halipati pa kuzama. Paa la mita za mraba 60 likipigwa na mvua ya milimita 30 humwaga lita 1,800, yaani mapipa tisa ya lita 200, na hapo hujahesabu maji ya uwanja wenyewe. Yote huingizwa kwenye bomba, bomba likapenyezwa chini ya ua, na kutoka hapo ni shauri la jirani. Nimeona shamba la mahindi lililopasuliwa korongo na bomba la namna hiyo. Mwenye bomba alikuwa akiosha gari.

Kijana aliyekuwa akimshikia mzee mpira sasa anaendesha bodaboda mjini. Simlaumu. Mtaro uliochimbwa sawasawa husahaulika msimu wa kwanza tu, na fundi wake naye husahaulika. Mzee amebaki na mjukuu wa kumsaidia wakati wa likizo, na mgongo unamuuma.

Kama kwenu bado yupo fundi wa aina hii, mwite kabla hujaagiza kabro, na mwite mvua ikinyesha. Siku ya kutazama mlipe kama siku ya kuchimba.