Haidromita ya Kalamu katika Maji ya Salale

Shule ya kijijini isiyo na maabara huhukumiwa mapema kwamba sayansi yake ni ya ubaoni. Miongozo ya Shika na Mikono, iliyoandaliwa na walimu wa kujitolea wa Peace Corps nchini Tanzania, ilikwisha kuupinga uamuzi huo: bomba la sindano hupima ujazo, motopoa hupasha moto, rozela hutambulisha asidi na besi. Wengi husifu njia hii kwa unafuu wake. Mimi naisifu kwa sababu chombo cha kujitengenezea humlazimisha mwanafunzi kukishuku kipimo chake, na kata ya Salale, kwenye delta ya Rufiji, ina maji yanayofaa mno kwa somo hilo.

Masika mto huyasukuma maji ya chumvi kuelekea baharini. Kiangazi chumvi hupanda na mikondo hadi karibu na mashamba ya mpunga. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, na huyazidi maji ya mvua uzito kwa asilimia 2.5 hivi. Kijiti kinachoelea wima kama haidromita, yaani kipima uzito wa kimiminika, kikizama sentimita 20 katika maji ya mvua, kitazama sentimita 19.5 baharini. Nusu sentimita hiyo hupotea ndoo ikitikisika kidogo tu. Dawa ni umbo. Chukua kichupa chenye ujazo wa mililita 60, kitie mchanga kisimame wima, chomeka shingoni mrija wa kalamu wenye kipenyo cha milimita 8, kisha ziba kwa nta. Tofauti ileile sasa ni mililita 1.5, na kwa kuwa yote inasomwa kwenye mrija mwembamba, alama husogea karibu sentimita 3. Ukitumia chupa ya nusu lita, hata gramu 2 za chumvi kwa lita, kiasi kinachoanza kuusumbua mpunga, zitaonekana kama sentimita 1.4, lakini maji ya bahari yangeiinua chupa hiyo sentimita 24, na hakuna kalamu ndefu kiasi hicho. Hapo darasa lichague: kupima tofauti ndogo, au kupima maji ya kila aina. Halafu kuna joto. Maji yakipanda kutoka nyuzi 25 hadi 30, wepesi yanaoupata unakaribia ule wa kupungukiwa gramu 2 za chumvi. Sampuli iliyoachwa juani itadanganya, basi zote zikae kivulini pamoja hadi zilingane. Haidromita ya dukani ina tatizo hilohilo, ila namba zake zilizochapwa vizuri hazimpi mtoto sababu ya kuuliza.

Suala la kipimo si dogo. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa shule ya sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya uliopoa. Mwaka 1969 yeye na Denis Osborne, mwanafizikia wa Dar es Salaam, walichapisha makala kuhusu jambo hilo, baada ya majaribio ya bika ndani ya friji ya nyumbani. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden wa Uingereza walisema hawakuliona jambo hilo, wakaonyesha kuwa kuhamisha kipimajoto kidogo tu juu au chini kunatosha kuzaa matokeo ya uongo. Ubishi wa miongo mitano, basi, umefika kwenye swali la mahali pa kukaa kipimajoto. Kwa hiyo anayesema vifaa vya nyumbani ni sayansi ya kimaskini aitazame tena friji ile.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la mtihani: kidato cha nne wataulizwa bureti, hawataulizwa kalamu. Ni kweli, na mkono usiowahi kushika bureti hautaifahamu kwa kusimuliwa. Haidromita hii haizibi pengo hilo. Inachofanya ni kumfikisha mtoto kwenye bureti akiwa tayari anajua kurudia kipimo na kusoma alama kwa usawa wa jicho. Na kwa anayelalamika kuwa muda hautoshi, heri zoezi moja linalorudiwa wakati wa bamvua na wa maji mafu kuliko kumi ambayo mwalimu huyafanya peke yake mbele ya darasa. Mwalimu wa Salale aanze na kalamu bila kungoja maabara. Na anayepanga bajeti ya wilaya yake, Kibiti, asiigeuze kalamu hiyo kuwa kisingizio cha kutopeleka bureti.