Myombekere na Mtihani wa Ung'eng'e

Makala hii haihusu riwaya mpya wala diwani mpya. Inahusu aina ya maandishi ambayo sisi wahakiki hatuitazami kabisa, ingawa huenda ndiyo inayosomwa kuliko zote katika mabweni yetu: orodha ya maneno magumu ya Kiingereza. Mwanafunzi anayetafuta nafasi ya masomo ya juu ng'ambo hudaiwa kwanza afaulu mtihani wa umahiri wa lugha, ama TOEFL ulioanza mwaka 1964, ama IELTS ulioanza 1989. Basi hutoa fotokopi ya orodha, maneno mia tano au elfu moja kwa kufuata alfabeti, kila neno na maana yake moja ya Kiswahili pembeni, akaanza kumeza. Nakusudia kuihakiki orodha hiyo kama matini, kisha niilinganishe na matini nyingine iliyotoka Ukerewe, ng'ambo ya maji haya tunayoyaona kila siku hapa Mwanza.

Nianze na kisa. Mwenzangu mmoja aliniomba nimsikilize maneno yake usiku. Tulikuwa bado kwenye herufi A.

"'Arduous'?" nikamwuliza.

"Ngumu," akajibu pale pale.

"Haya, dada, tunga sentensi."

Akafikiri kidogo, akasema kwa Kiingereza kwamba ugali wa leo ulikuwa 'arduous'.

Tulicheka mpaka tukagongewa ukuta. Lakini ukiitazama vizuri, kosa si lake. Orodha ilimwambia ngumu, na ugali kweli ulikuwa mgumu. Neno hilo la Kiingereza linakwenda na safari, na kazi, na kupanda mlima. Ni ugumu unaomchosha mtu, si ugumu wa kutafuna. Orodha haikumwambia hayo kwa sababu orodha kwa umbile lake haiwezi kuyasema. Fani yake inazuia maudhui. Haina mhusika, haina mandhari, haina tendo. Neno limesimama peke yake kama mtu aliyeshushwa kwenye basi usiku katika kituo asichokijua.

Tujiulize sisi wenyewe. Mgeni akikariri kwamba kupiga ni kumwumiza mtu kwa mkono au fimbo, atafanya nini akisikia kupiga pasi, kupiga simu, kupiga picha, kupiga mswaki, kupiga kura? Maneno yana majirani zake, na anayelijua neno bila kuwajua majirani hajalijua. Wasahihishaji wa IELTS wanalifahamu jambo hili. Insha hupimwa kwa vigezo vinne vyenye uzito sawa, kimojawapo ni utajiri wa msamiati, na huko juu kwenye alama nzuri hawatafuti neno adimu tu. Wanatazama kama limekaa na majirani wanaolifaa. Kwa hiyo anayemwaga maneno makubwa aliyoyameza jana anajichongea mwenyewe.

Sasa nivuke maji. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kwa Kikerewe, akaimaliza mwaka 1945. Haikupata mchapishaji. Baadaye akaifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikatolewa na Tanzania Publishing House kwa jina la Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Toleo hilo lina tarehe ya 1980. Mzee alifariki 1981 bila kukishika kitabu chake mkononi. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota walitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, naye mzaliwa wa Ukerewe. Riwaya moja, basi, na lugha tatu.

Dai langu ni hili: kwa mwanafunzi wa ufuko huu aliyekwisha kuvuka Kiingereza cha mwanzo, kuzisoma matini mbili hizo sambamba, ya Kiswahili na ya Kiingereza, kutamjengea msamiati wa juu kuliko orodha yoyote. Sababu ni kwamba kitu anakijua kabla ya neno. Chukua ile sehemu ya mwanzo. Myombekere na mkewe hawana mtoto. Wakwe wanamchukua binti yao. Mume akimtaka arudi lazima awapelekee pombe ya ndizi. Kutengeneza pombe hiyo ni kazi ya hatua nyingi. Ndizi huivishwa, hukamuliwa, maji yake huchujwa, halafu huachwa yachachuke. Mtu aliyekulia Ukerewe au Bukoba haelezwi jambo hili, ameliona nyuma ya nyumba. Linalomkosa ni vitenzi vya Kiingereza tu, na hapa anavipata kwa mpangilio wa kazi yenyewe: kukamua ni 'squeeze', kuchuja ni 'strain', kuchachuka ni 'ferment'. Havisahau, kwa sababu akisahau kimoja pombe haikamiliki.

Hapa mhadhiri mmoja aliniwekea pingamizi nilipomweleza wazo hili. Alisema mtihani hauulizi habari za pombe. Unauliza uchumi, mazingira, historia ya sayansi. Ni kweli. Lakini hebu tuvifuate vitenzi hivyo vinakokwenda. 'Strain' yule yule wa kuchuja utamkuta kwenye habari ya hospitali zilizoelemewa na wagonjwa, na tena kwenye aina moja ya kirusi. 'Ferment' utamkuta kwenye machafuko ya kisiasa. 'Redeem', ambalo ni kumkomboa Bugonoka kwa wazazi wake, utalikuta kwenye deni la benki na tena kanisani. Orodha ingekupa maana moja kati ya hizo na kukunyima zilizobaki. Anayeanzia kwenye kitendo chenyewe huweza kukisia njia ambayo neno limepitia, hata kama mara nyingine atakisia vibaya.

Hata hivyo sitaki kuipamba riwaya kwa sifa isiyo yake. Kuna kundi la maneno ambalo Kitereza hatakupa. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand alitoa orodha ya jamaa 570 za maneno ya kitaaluma, ambayo kwa hesabu yake hufikia karibu asilimia 10 ya maandishi ya vyuoni. Hiyo ni orodha yenye akili kuliko zile za fotokopi, kwa sababu inapanga maneno kwa jamaa. Mwenye Kiswahili hapaswi kuogopa mpango huo: soma, somo, msomi, usomaji, somesha ni jamaa moja, na kitabu, katibu, maktaba zimetoka kwenye shina moja la Kiarabu hata kama mwenye duka la vitabu hajui. Mengi ya maneno hayo 570 asili yake ni Kilatini, lugha ambayo Kitereza mwenyewe aliisoma Seminari ya Rubya. Ukilishika shina la 'dict', lenye maana ya kusema, utaliona likichungulia ndani ya 'predict', 'contradict' na 'dictate'. Kwa maneno ya namna hii nakubali riwaya haitoshi. Hapo soma magazeti na tahariri zao, soma na uhakiki.

Kuna upande mwingine ambao wenzangu wanaokariri hawaufikirii. Riwaya ya Kitereza imejaa ukwe. Sasa mpe Kiingereza mkwe, shemeji, wifi na mavyaa: vyote vitaingia katika mfuko mmoja wa 'in-law', vikitenganishwa na baba, mama, kaka au dada tu. Mfasiri yeyote hapo huishiwa maneno, na si kwa kosa lake. Au nenda Mwaloni, Kirumba, umwombe mtu akutafsirie mapanki kwa neno moja la Kiingereza litakalobeba kiwanda kilichochukua minofu ya sangara na mama anayekaanga kilichobaki. Tumezoea kudhani lugha yenye upungufu ni yetu.

Najua baadhi ya wasomaji watauliza kwa nini mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ajishughulishe na ung'eng'e. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 Kiswahili kitumike kufundishia sekondari kuanzia 1985, na serikali ikalikataa pendekezo. Mwaka 1984 Criper na Dodd kutoka Uingereza wakapima wanafunzi wetu na kukuta wengi hawana Kiingereza cha kusomea masomo yao. Dawa iliyoandikwa ikawa Kiingereza zaidi, ndipo vikaja vile vitabu vyembamba vya hadithi vilivyopimwa kwa idadi ya maneno. Mimi naona tume ilikuwa na haki. Lakini mwenzangu wa 'arduous' hawezi kuusubiri mjadala huo uishe. Tena Ruhumbika alianza kwa riwaya ya Kiingereza, Village in Uhuru, mwaka 1969, akahamia Kiswahili kwa riwaya zake zilizofuata, na alipokirudia Kiingereza alikirudia ili amvushe mzee wa kisiwani kwao. Kezilahabi wa Namagondo aliandika tasnifu yake kwa Kiingereza huko Wisconsin, 1985, na bado Nagona na Mzingile zikaja kwa Kiswahili. Hao si watu waliomezwa.

Nilimwazima mwenzangu tafsiri ya Ruhumbika, naye akaazima ya Kiswahili maktaba. Wiki ya pili alinisomea sentensi yake kwa Kiingereza: safari ya Myombekere kwenda kwa wakwe haikuwa ndefu, lakini kumrudisha Bugonoka ilikuwa kazi 'arduous'. Sikuwa na la kusahihisha. Orodha bado anayo chini ya mto, na ameshafika herufi M. Mtihani ni mwezi ujao, na fedha ya kuulipia hajaipata yote.