Kegel bila kipimo ni nusu ya tiba

Mama aliyejifungua akianza kutokwa na mkojo kila anapokohoa au kucheka, na akapata ujasiri wa kusema, mara nyingi hujibiwa kwa maneno mawili: fanya Kegel. Jina limefika mbali. Kazi ya mwenye jina haikufika yote.

Arnold Kegel, daktari wa magonjwa ya wanawake nchini Marekani, alichapisha mwaka 1948 mbinu yake ya kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga kwa kuibana. Hakuishia kuwaambia wagonjwa wabane. Alibuni perineometa, kifuko cha mpira kinachoingizwa ukeni na kuunganishwa kwa mrija na kipimo cha shinikizo. Mwanamke alibana huku akitazama mshale, akajua papo hapo kama misuli imeitika.

Kifaa kilikuwa na udhaifu wake: ukisukuma kwa tumbo, mshale nao hupanda. Hapo ndipo mtaalamu wa fiziotherapia anapohitajika. Kwa ridhaa ya mgonjwa, hupima kwa kidole na kutazama kama misuli ya sakafu ya nyonga inabana na kuinuka kuelekea ndani, au inasukumwa chini. Tofauti hiyo si ndogo. Kikohozi huongeza shinikizo tumboni na kukikandamiza kibofu; misuli ikiwahi kubana, mrija wa mkojo hupata egemeo na kufungwa. Anayesukuma anajiongezea shinikizo lilelile linalomvujisha.

Na wanaosukuma wapo. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwapa wanawake 47 maelekezo mafupi ya mdomo, kisha wakawapima. Waliobana vizuri walikuwa 23 tu. Wengine 12 walifanya kwa namna ambayo ingeweza kuzidisha tatizo. Ndiyo maana siviamini sana vipeperushi, hata vikiwa na michoro mizuri.

Usimamizi ukiwepo, hesabu hubadilika. Mtaalamu wa fiziotherapia wa Norway, Kari Bø, na wenzake walichapisha mwaka 1999 jaribio la miezi 6 lililohusisha wanawake 107 wenye tatizo hili la kutokwa na mkojo. Kundi moja lilifanya mazoezi, la pili lilitumia umeme wa kuchochea misuli, la tatu vizito vya kuvaa ukeni, na la nne lilikuwa la kulinganishia. Wa mazoezi walibana kwa nguvu mara 8 hadi 12, seti 3 kwa siku nyumbani, na kila wiki walikutana na mkufunzi. Mwishoni, 14 kati ya 25 walisema hawana tatizo tena. Kwenye umeme walikuwa 3, kwenye vizito 2, na katika kundi la kulinganishia 1 kati ya 30. Mashine ilishindwa na zoezi lisilo na gharama, ila zoezi lenye mtu wa kulisimamia.

Mwongozo wa matibabu wa Uingereza umefuata njia hiyo: angalau miezi 3 ya mazoezi yanayosimamiwa, kubana mara 8 kwa seti, seti 3 kwa siku, kabla ya kufikiria kisu.

Kwetu pwani mzazi hukandwa kwa maji ya moto na kufungwa tumbo ndani ya arobaini. Sina ugomvi na mila hiyo, ila misuli ya chini haifunzwi na kitambaa cha tumboni.

Wapo pia wanawake ambao misuli yao imekaza kupita kiasi, wanaoumia wakati wa tendo la ndoa au wa kupimwa. Hao wakiambiwa wabane, maumivu yanaweza kuongezeka. Wanahitaji kwanza kufundishwa kulegeza. Kwa kusimulia dalili tu, mwanamke wa kundi hili anaweza kupewa zoezi lilelile la mwenzake aliyelegea.