Sentensi Isiyohitaji Nukta

Mwaka 1870 mmisionari David Livingstone alikwama Bambarre, ndiyo Kabambare ya leo, mkoani Maniema, mashariki mwa Kongo. Vidonda vya miguu vilimlaza, karatasi zikamwishia, wino nao ukamwishia. Mwaka uliofuata, huko Nyangwe, alikuwa akiandika juu ya kurasa za gazeti la zamani la London, kwa wino wa rangi ya mimea, mistari yake ikipita mtambuko juu ya maandishi yaliyochapwa. Kitabu alikuwa nacho kimoja cha kumtosha: alieleza mwenyewe kwamba alipokuwa Maniema aliisoma Biblia yote mara nne. Biblia ile ya Kiingereza ya 1611 ilishika mwendo wa Kiebrania, tendo likifuata tendo, kila moja likifungwa kwa lililotangulia kwa neno dogo la kuunganisha. Waingereza waliosoma shule za juu walizoea mtindo mwingine, wa kuahirisha jambo kuu hadi mwisho wa sentensi, vishazi vikipangwa kimoja ndani ya kingine, msomaji akingoja. Ni ufundi mkubwa, na anayeandika Kiingereza sharti aujue. Lakini katika masimulizi kishazi kinachofuata kishazi kina nguvu zake, na sisi wa Kiswahili tumezaliwa nazo mdomoni.

Njia ya misafara iliyounganisha Kasongo na Ziwa Tanganyika ilipita Kabambare, na mkubwa wa njia hiyo alikuwa Hamed bin Muhammed el-Murjebi, Tippu Tip, aliyefanya Kasongo makao yake. Uzeeni, alipokwisha kurudi Unguja, aliandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu, akiombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Brode akayahamishia katika herufi za Kirumi, yakachapishwa Berlin mwaka 1902 na 1903. Biashara ya pembe na watumwa iliyomtajirisha iliteketeza vijiji vya Maniema, na kusifu sentensi zake si kumwosha. Tena ustadi huo wa maneno ulikuwa silaha yake. Anasimulia alivyosikia habari za ndugu wa kike wa mtawala Kasongo Rushie waliotekwa zamani, akazishona habari hizo na ukoo wake mwenyewe, akajitokeza kwa mzee kama mjukuu aliyepotea. Akapewa nchi ya Utetera. Hadithi iliyopangwa vizuri ilifanya kazi ya bunduki.

Linalonivuta zaidi ni hizo herufi za Kiarabu. Mwandishi wa siku zile, awe anaandika barua ya mzigo au habari za maisha yake, hakuwa na herufi kubwa, na kwa kawaida hakutia nukta wala mkato. Msomaji alijuaje sentensi imekwisha? Kitenzi kilimwambia. Jaribu mfano huu, niliouandika mwenyewe kwa mwendo wa kwetu:

tulitoka kabambare alfajiri tukashuka mtoni tukavuka jua likapanda tukatembea tukatembea watoto wakilia hata tukafika kijiji kimoja hakina mtu

Hakuna alama hata moja, na hakuna mahali pa kupotea. Kitenzi cha kwanza kina -li-, kinatuweka katika wakati uliopita. Baada yake -ka- inabeba safari peke yake, hatua kwa hatua, wala hairuhusu tendo la nyuma lije mbele. Mtendaji anapobadilika anatajwa kabla ya kitenzi chake, jua likapanda, kisha "tu" inarudi na sisi tunajua tumerudi kwa wasafiri. Kurudia tukatembea kunairefusha njia. Msimuliaji wa mdomo angerudia mara tatu au nne na kuvuta sauti. Watoto wakilia: -ki- haisogezi safari, inatandaza kilio chini ya mwendo wote. Halafu -ka- inakatika. Hakina mtu. Hapo hapana tendo tena, pana hali tu, na msafara wote unasimama.

Sasa mweke mwandishi wa ofisi aandike mwisho huo: kijiji kimoja ambacho hakikuwa na mtu yeyote. Sarufi imetimia na kijiji kimekufa. Silaumu amba- ikiwa mahali pake; kuna sentensi ndefu za sheria na taarifa zisizosimama bila hiyo. Ninachosikitikia ni kuiona imepandwa kila aya ya magazeti yetu, hata pale ambapo kishazi kilichowekwa wazi kando ya nomino kingetosha na kuzidi.

Na mpangilio wenyewe wa maneno. Mzee alikuja ni habari ya mzee tunayemjua. Alikuja mzee ni mtu mpya mlangoni. Mjini pakaingia hofu: mahali pamekuwa mtendaji, na hofu imehifadhiwa hadi neno la mwisho, hila ile ile wanayoisifia Waingereza, sisi tunaipata kwa kugeuza maneno matatu. Wazee wa Kasongo na Kabambare, ambako Kiswahili kimekaa karibu na kile cha pwani, hulifanya hili wakihadithia jioni bila kuliita jina lolote.

Watoto wao hukomaa kimasomo kwa Kifaransa, na insha wanayofundishwa kuijenga ni ya Kifaransa, na viunganishi vyake vya "hata hivyo" na "kwa upande mwingine". Ningemwomba mwalimu wa Kabambare awape pia zoezi hili: kila mwanafunzi aandike habari ya safari moja, aya nzima, bila nukta, bila mkato, bila herufi kubwa, kisha ampe jirani yake aisome kwa sauti mara ya kwanza bila kuandaliwa. Jirani akikwama, mwandishi asikimbilie kutia alama. Akitazame kwanza kitenzi kilichokwamisha, akibadilishe, na wasome tena.