Tone Moja Linatosha: Maarifa ya Mgonjwa na Dawa ya Macho

Tone moja la dawa ya macho huwa na maikrolita 25 hadi 50, ilhali mfuko ulio nyuma ya ukope wa chini hubeba takriban 30 tu. Kinachozidi humwagika shavuni au hupita kwenye mrija wa machozi hadi puani na kooni. Tone la pili likifuata papo hapo huisukuma nje dawa ya kwanza.

Kwa mgonjwa wa presha ya macho anayetoka Ukerewe kwenda kliniki ya Bugando, Mwanza, hesabu hiyo ni nzito. Chupa ya mililita 5 ya timolol, dawa ya presha hiyo, hutoa matone yapatayo 100. Tone moja kila jicho, asubuhi na jioni, humfikisha siku 25; chupa nyingi hutupwa siku 28 baada ya kufunguliwa. Akitia mawili mawili, dawa itaisha kabla ya wiki mbili, na huenda akalazimika kuvuka ziwa upya.

Mikono huoshwa, ukope huvutwa chini, na ncha ya chupa haigusi jicho wala kope, maana vijidudu huingia ndani ya chupa. Kisha jicho hufumbwa taratibu na kona iliyo karibu na pua hubanwa kwa dakika mbili. Timolol inayofika puani huingia kwenye damu. Yaweza kupunguza mapigo ya moyo na kumbana kifua mwenye pumu. Dawa mbili tofauti hupishana dakika tano.

Kosa kubwa zaidi, hata hivyo, haliko mkononi. Presha ya macho kwa kawaida haiumi, na matone hayarudishi uoni uliokwisha kupotea, hulinda uliobaki. Asiyeelezwa hivyo husubiri nafuu, asiione, akaacha dawa.

Hatari ya kinyume ni dawa isiyolingana na ugonjwa, au inayoleta nafuu ya uongo. Mlipuko wa macho mekundu wa Januari 2024 nchini Tanzania ulitokana na kirusi, ambacho antibayotiki haikiui. Matone ya steroidi yaliyosalia nyumbani huondoa wekundu upesi, lakini kwa mkulima wa Magu aliyechomwa jichoni na jani la mpunga yanaweza kuchochea fangasi hadi kioo cha jicho kitoboke.

Maandishi ya “1x2” kwenye chupa, yaani tone moja mara mbili kwa siku, hayasemi lolote kati ya haya. Kinachofaa kwenye dirisha la dawa ni mgonjwa kutia tone mbele ya mtoa dawa, na kwa mzee anayetetemeka mikono, afundishwe pia yule atakayemtilia nyumbani.