Kutononoka, Kukinai na Kuridhika: Tatizo Moja katika Uhakiki wa Ushairi wa Mvita

Katika kisiwa cha Mombasa, nje ya Mji wa Kale na jirani na Majengo, upo mtaa uitwao Tononoka. Wenyeji huujua zaidi kwa uwanja wake, ambao kwa miaka mingi umekuwa mahali pa mikutano ya siasa. Mwanafunzi wa lugha hawezi kulipita jina hilo bila ya kusita, kwani ni kitenzi kamili: kutononoka ni kunawiri, kuwa na mwili mzuri na hali njema. Ni nadra mtaa kuitwa kwa neno linalotaja ustawi wa mtu, na ni nadra zaidi kwamba katika uwanja wenye jina hilo ndimo watu wakusanyikamo kusikiliza ahadi za hali iliyo bora kuliko waliyo nayo. Hapo pana swali ambalo wahakiki wa ushairi wa Mvita hawajalipa haki yake. Je, aliyetononoka ndiye aliyeridhika? Na asiyetononoka aweza kuridhika pasipo kudanganywa?

Swali hili si la kamusi peke yake. Baada ya Azimio la Arusha la 1967, baadhi ya wahakiki wa Afrika Mashariki waliupima ushairi wa kimapokeo kwa kigezo cha matabaka, na mafundisho yake juu ya kukinai yakahesabiwa kuwa ni dawa ya kuwalaza wanyonge. Kwa upande wa pili wamekuwapo walimu walioyapokea mafundisho hayo kuwa ni maadili mema yasiyotaka kuulizwa, wakayasomesha hivyo madarasani. Pande hizi mbili huonekana kuwa ni mahasimu. Kwa hakika zinashiriki kosa moja, nalo ni kuyachukua maneno kadhaa yenye maana mbalimbali kana kwamba ni neno moja.

Kitenzi tononoka kinafaa kuangaliwa kwanza. Umbo lake linakisogeza karibu na vitenzi kama nyooka, ongoka na okoka, ambavyo hutaja hali iliyomfikia mtu bila ya kumtaja aliyeileta. Kutononoka huonekana kwa macho: shahidi wake ni mashavu, ngozi na mavazi. Jirani aweza kusema kwamba fulani ametononoka, na fulani mwenyewe hana haja ya kuulizwa. Hukumu ya kutononoka, kwa hiyo, hutolewa na mtazamaji.

Kukinai ni jambo jingine, tena lina pande mbili. Neno hili limetokana na Kiarabu, ambamo shina lake lina maana ya kutosheka na kidogo kilichopo, na maana hiyo imo katika Kiswahili cha mawaidha. Lakini katika Kiswahili cha jikoni mtu husema amekinai chakula akiwa ameshiba hata kinamchukiza. Lugha imeweka katika neno moja yule asiyetaka zaidi kwa sababu moyo wake umetua, na yule asiyetaka zaidi kwa sababu tumbo lake limezidiwa. Msemaji wa Kiswahili hutambua mara moja ni yupi anayekusudiwa, kwa kumwangalia anayesema na sahani iliyo mbele yake. Mhakiki anayenukuu neno pasipo kumtazama msemaji hunyimwa ujuzi huo.

Neno la tatu ni radhi, na hili ndilo lililo na uzito mkubwa kuliko yote. Mtoto huomba radhi za wazazi, aliyekosa huomba awiwe radhi, mwenye mali huridhia mapatano, wagomvi huridhiana. Katika matumizi yote hayo radhi ni kitu kinachotoka kwa mtu kumwendea mwingine, na mwenye kukitoa ana uwezo wa kukizuia. Ndiyo maana lugha inakubali kuridhiana, na inakubali hata kutoshana nguvu, lakini haina kutononokana. Ustawi wa mwili ni wa mtu mmoja mmoja. Radhi haitimii ila baina ya watu, au baina ya mtu na Mola wake. Katika Suratul-Fajri nafsi iliyotulia husifiwa kwa mambo mawili pamoja: imeridhika, nayo imeridhiwa. Waswahili wameyagawa mambo hayo kwa binti zao, wakawaita Radhia na Mardhia.

Jambo hili lina matokeo makubwa kwa uhakiki. Ikiwa radhi ni tendo la mwenye hiari, basi kuridhika si hali ya kutojali, wala si usingizi. Ni hukumu. Mtu ameyapima maisha yake akayatolea radhi, na kwa kuwa angaliweza kuizuia, radhi hiyo ina thamani. Asiyekuwa na uwezo wa kukataa hawezi kusemwa kuwa ameridhika, amenyamaza tu. Tena kuna tofauti baina ya kuridhika na kuridhia. Kuridhika hurejea kwenye nafsi ya mtu na namna alivyoishi. Kuridhia hutaka kitu kinachoridhiwa: mahari, mkataba, hukumu, utawala. Mtu aweza kuridhika na nafsi yake huku hajaridhia hata kidogo anayotendewa. Dai kwamba ushairi wa kukinai hulaza watu linasimama kwa kuifuta tofauti hiyo.

Mfano wa kwanza ni Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyeishi tangu mwisho wa karne ya 18 hadi karibu na 1840. Mashairi yake yalikusanywa na William Taylor kwa msaada wa Mwalimu Sikujua, yakachapishwa na William Hichens 1940, na yakachunguzwa upya na Mohamed Hassan Abdulaziz katika kitabu chake cha 1979. Muyaka ndiye aliyeifananisha dunia na mti mkavu na kumwonya mwanadamu asiuelemee. Anayelisoma shairi hilo peke yake aweza kumdhania kuwa ni mtu aliyekwisha kuiacha dunia. Lakini mshairi huyo huyo aliwahimiza watu wa Mombasa wasimkubali Sayyid Said wa Oman, akawasifu Mazrui waliompinga mpaka utawala wao ulipoanguka 1837. Hapana mgongano. Onyo la mti mkavu linahusu kutononoka, yaani kuitegemea neema inayoonekana. Wito wa vita unahusu kuridhia, yaani kumkubali mtawala. Asiyeuegemea mti hana la kuogopa ukitikiswa, na kwa hiyo ndiye awezaye kukataa.

Mfano wa pili ni Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, 1946. Kwa sababu ya waraka wa 1968 ulioitwa Kenya: Twendapi? alifungwa miaka mitatu, akatoka 1972. Mashairi aliyoyatunga kifungoni yalichapishwa 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki, na mwaka uliofuata diwani hiyo ikapewa Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, tuzo iliyobeba jina la rais ambaye serikali yake ndiyo iliyomfunga mtungaji. Humo mna shairi Mamba, la mnyama anayejigamba kwa nguvu zake, na mna Mnazi: Vuta N'kuvute, majibizano ya ndugu wanaogombania mti mmoja. Kipimo cha kutononoka hakina nafasi katika kitabu hicho. Jina lake latosha kukifukuza. Hata hivyo katika shairi Siwati, ambalo jina lake kwa Kimvita ni siachi, anazungumza mtu ambaye nafsi yake haina ugomvi nayo. Amenyimwa kila kinachonawirisha mwili, na hakuridhia kifungo. Alichokishika ndicho anachokitolea radhi.

Yafaa kuangaliwa kwamba tamko lenyewe ni la kukanusha. Si ajabu katika lugha hii. Mswahili aulizwapo hali hujibu sijambo, akaongeza si haba. Hadai kuwa na mengi. Anakana kuwa na jambo, anakana kwamba alicho nacho ni kichache. Utulivu wa moyo hutajwa kwa kuondoa, si kwa kuongeza, na siwati ni ndugu wa majibu hayo. Tofauti ni kwamba sijambo laweza kuwa adabu tu, la kumsetiri msemaji mbele ya watu, hali siwati lilikwisha kulipiwa.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Yaweza kusemwa kwamba tofauti hizi ni za wasomi, na kwamba mtaani neno kinai hutumiwa na wenye nacho kuwanyamazisha wasio nacho. Pingamizi hili lina ukweli. Katika Majengo na mitaa inayofanana nayo umedumu kwa muda mrefu mtindo wa nyumba bila ardhi: mtu hujenga kwa jasho lake juu ya kiwanja cha mwingine, akalipa kodi ya ardhi, na kuta zikawa zake bali zilipokaa si pake. Mwenye nyumba ya namna hiyo aweza kutononoka, akapaka chokaa, akapangisha vyumba, na bado akalala na shaka. Mwenye kiwanja akimwambia akinai, maneno yake ni yale yale ya mawaidha, ila yamehama kinywa. Methali yasema kwamba mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kukinai ni wasia ambao mtu ana haki ya kujiusia yeye mwenyewe, au kuusiwa na anayekula naye sahani moja. Ukitoka kwa aliyeshiba kumwendea mwenye njaa, haubaki tena kuwa kukinai. Umekuwa amri ya kuridhia.

Hapo ndipo uhakiki wa kitabaka ulipoona kweli na kisha ukaipotosha. Uliona matumizi mabaya ya neno, ukalitia hatiani neno lenyewe na washairi wote waliolitumia. Walimu wa maadili nao walilitetea neno, wakasahau kuuliza nani anamwambia nani. Shairi la kukinai lapaswa kusomwa kwa maswali matatu: msemaji wake ana shibe au ana njaa, anajiambia mwenyewe au anamwambia mwingine, na anachokitolea radhi ni nafsi yake au ni anachotendewa. Mwanafunzi aliyefundishwa maswali hayo hatamwona Muyaka kuwa ni mlazaji wa watu, wala hatamsifu kila anayehubiri subira. Atajua pia kwamba mtu aliyekonda kifungoni aweza kuwa na radhi ambayo walinzi wake, kwa afya yao yote, hawakuwa na njia ya kumpa wala ya kumpokonya.